Ufa wa Darasa la Nne

Jamhuri ya Shwari haipo popote duniani, kwa hiyo atakayejiona humu ndani ajue kajiingiza mwenyewe. Ni nchi njema. Ina mvua za kutosha, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nane, na kwa miaka mingi ilikuwa na tatizo moja tu dogo: wananchi wake walikuwa wanafikiri ovyo ovyo. Mtu anaamka asubuhi, hajanawa hata uso, tayari anafikiri. Hakuna aliyejua anafikiri nini wala kwa kiasi gani, na jambo hilo liliwakosesha raha watu wakubwa wenye magari.

Dawa ililetwa na Waziri wa Elimu na Utulivu, Profesa Ndulilo, aliyekwenda ng'ambo kuhudhuria semina ya siku tano katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Siku nne alikuwa bwawani. Siku ya tano aliingia ukumbini kuchukua cheti, akakuta ukutani pamebandikwa mchoro wa ngazi. Mchoro ulieleza kwamba kufikiri kwa binadamu kuna madaraja sita. Chini kabisa kukumbuka, kisha kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, na juu kileleni kubuni. Maelezo ya chini, kwa herufi ndogo, yalisema kwamba mwalimu mzuri huandika malengo na maswali ya somo kwa namna ya kumpandisha mtoto daraja kwa daraja mpaka juu. Profesa hakufika kwenye herufi ndogo. Aliipiga picha ngazi, akarudi nayo nyumbani.

Baraza la Mawaziri lilipoiona liliingiwa na baridi.

"Madaraja sita!" alisema Waziri wa Ulinzi. "Na sasa hivi yako wazi yote? Yeyote anapanda tu, saa yoyote?"

"Yeyote, mheshimiwa," alisema Profesa. "Hata wakulima."

Kabla ya chakula cha mchana Waraka wa Madaraja ulikuwa umeshatiwa saini. Daraja la sita, kubuni, alikabidhiwa Mkuu wa Nchi peke yake. La tano, kutathmini, walipewa mawaziri. La nne, kuchambua, wakuu wa mikoa. La tatu, kutumia, walipewa maofisa wa wilaya, ambao hata hivyo walikuwa wakitumia siku zote. La pili, kuelewa, walimu wakuu wa shule. La kwanza, kukumbuka, liligawiwa walimu wa kawaida, wanafunzi, wakulima, wagonjwa na wapigakura, pamoja na vitenzi vyake vitatu halali: kutaja, kuorodhesha na kurudia. Sokoni ikaruhusiwa kuuliza nyanya bei gani. Kuuliza kwa nini zimepanda likawa kosa la daraja la nne, na muuzaji aliyejibu alishitakiwa pamoja na mnunuzi.

Katika Shule ya Msingi Mtakuja, wilaya ya milimani, alikuwapo mwalimu wa darasa la nne aitwaye Nyamizi. Mume wake alikuwa amefariki, akamwachia mtoto mmoja, Semeni, wa miaka kumi, ambaye alisoma katika darasa hilohilo la mama yake. Zamani, kabla ya Waraka, Nyamizi alisifika kwa maswali. Aliweza kuandika swali moja kwenye andalio la somo na watoto arobaini wakarudi nalo nyumbani, wakalala nalo, wakaja nalo asubuhi wakigombana. Vyuo vya ualimu vilikuwa vikinakili malengo yake.

Baada ya Waraka alijifunza upesi, kwa sababu alimwona jirani yake, Mwalimu Kulwa. Kulwa aliwauliza watoto wa darasa la tatu kwa nini jongoo hujikunja akiguswa, na mkaguzi alikuwa amechutama chini ya dirisha. Alipelekwa Chuo cha Fikra Nyepesi kwa miaka miwili. Alirudi mnene, mpole, ananukia sabuni. Ukimwamkia anakuorodheshea vifungo vya shati lako, kuanzia cha juu. Mke wake alivumilia mwezi mmoja, kisha akarudi kwao.

Basi Nyamizi akawa anaandika kama alivyotakiwa: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutaja mito minne. Kila mwanafunzi aweze kuorodhesha sehemu za ua. Kila mwanafunzi aweze kurudia." Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi vibaya, aliifanya vizuri mno. Watoto wa Mtakuja wakawa wa kwanza wilayani kwa kutaja, na miongoni mwao hakuna aliyemfikia Semeni. Swali likianza na "taja", jibu lilikuwa limeshatoka kabla hujafumba mdomo. Hata nyumbani. Siku moja Nyamizi alikuwa uani anaanika nguo, akamsikia binti yake jikoni: "Mama, ugali unaungua. Mama, ugali umekuwa wa kahawia. Mama, ugali umekuwa mweusi." Alipoingia alimkuta mtoto amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, mikono magotini, anaendelea kutaja rangi. Nyamizi alicheka. Kisha aliogopa, akaficha hofu yake kwa kukwangua sufuria.

Mvua za masika zilipokwisha, ukuta wa darasa la nne, ule wa upande wa korongo, ulipasuka kuanzia dirishani hadi kwenye msingi. Nyamizi aliingiza kidole ndani ya ufa, kikapita. Akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Bundala.

"Mwalimu Mkuu, ukuta wa darasa langu umepasuka."

"Nimeelewa," alisema Bundala. Hilo ndilo lilikuwa daraja lake, na alilitumia kwa uangalifu.

"Utawaangukia watoto."

Bundala aliinuka akafunga dirisha. "Mama Semeni, hilo ulilosema sasa hivi ni la ngapi?"

Nyamizi akahesabu vidoleni. "La nne."

"Na la tano, maana umeshaona kwamba ni vibaya. Mimi nina watoto sita, mama. Umesema umepasuka, nimeelewa. Ishia hapo."

"Basi niwatoe wasomee uwanjani."

"Watoe. Kwenye fomu niandike sababu gani?"

Nyamizi akahesabu tena vidoleni. Sababu zote zilianzia daraja la nne kwenda juu.

Alirudi nyumbani akakaa na daftari lake la maandalio mpaka chai ikapoa, na hapo akapata wazo ambalo alilionea fahari. Hakuruhusiwa kusema ukuta utaanguka, lakini hakuna aliyemkataza kutaja. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutaja upana wa ufa wa ukuta kwa sentimita, bila kukosea." Kila Ijumaa angepeleka namba juu. Huko juu wako watu wenye vibali vya kuchambua na kutathmini. Wakiona mbili, tatu, tano, watajua kinachofuata, na watatuma mafundi.

Ni kosa ambalo angeweza kulifanya mwalimu wa Shwari tu. Kwingine kote duniani watu wanajua kwamba kupewa daraja la kufikiri na kufikiri ni mambo mawili.

Semeni akateuliwa kiranja wa ufa. Kila asubuhi alipanda kwenye kigoda na rula ya mbao, akasoma namba, na darasa likairudia mara tatu. Wiki ya kwanza ilikuwa mbili. Ya pili, tatu. Ya tatu, tano. Nyamizi alizipanga kwenye jedwali, akapiga mistari kwa wino mwekundu, akazituma.

Na kweli zilipanda ngazi yote, maana serikali ya Shwari haidharau karatasi. Bundala alielewa, akatia saini. Wilaya ilitumia: iliagiza shule zote zipime nyufa zao, na shule tisa zisizokuwa na ufa zikapewa wiki mbili za kujirekebisha. Mkuu wa Mkoa alichambua, akagundua kwamba mwandiko wa mwalimu unalala upande wa kushoto, akaagiza achunguzwe kama ana ndugu nje ya nchi. Wizara ilitathmini, ikatoa alama ya juu kabisa kwa unyoofu wa mistari. Na Mkuu wa Nchi, kwa daraja lake, alibuni Siku ya Taifa ya Ufa, pamoja na beji yake na ubeti wa kumi na tisa wa wimbo wa taifa. Kama kulikuwa na watu wamekaa chini ya ukuta huo, hakuna aliyeuliza, kwa sababu swali hilo halikuangukia daraja la mtu yeyote.

Barua iliyorudi Mtakuja ilisema kwamba ufa wa darasa la nne umesajiliwa kuwa zana ya kufundishia na ni mali ya serikali. Ni marufuku kuuziba, kuuegemezea kitu chochote, au kuwatenganisha wanafunzi nao saa za masomo. Mwishoni ilimpongeza mwalimu na kumtaarifu kwamba Mkaguzi Mkuu wa Madaraja, Bwana Magese, atakuja mwenyewe kumkabidhi cheti.

Nyamizi hakukaa kimya, ninyi mnaomlaumu. Jioni moja alibeba nguzo ya mti wa muwati begani kutoka kwake, akaiegemeza ukutani. Asubuhi nguzo ilikuwa imeondolewa na barua ya onyo iko mezani. Siku ya ukaguzi yenyewe, mvua ya vuli ikiwa imenyesha tangu alfajiri, alimzuia binti yake mlangoni.

"Semeni, leo usiende. Nitasema unaumwa."

"Mama, mahudhurio yangu ni siku mia moja arobaini na mbili," alisema Semeni, akivaa viatu. "Na leo anakuja mgeni. Nani atasoma rula?"

"Atasoma mwingine."

"Mwingine atakosea."

Alikuwa na haki ya kujivuna, na aliyemfundisha kujivuna hivyo ni mama yake. Wakaenda wote wawili chini ya mwavuli mmoja.

Katika Jamhuri ya Shwari mkaguzi haingii darasani, kwa sababu darasa linaweza kumchanganya. Hukaa ofisini akasoma andalio, na somo lenyewe hulisikia kwa mbali. Bwana Magese alikaa kwenye kiti cha Bundala, tumbo limegusa meza, kalamu tatu zimepangwa mbele yake. Bundala alisimama pembeni. Nyamizi alikaa kwenye benchi. Kutoka ng'ambo ya uwanja zilisikika sauti mbili: moja nyembamba ya Semeni, na nyingine ya watoto thelathini na tisa wakiirudia.

"Saba!" "Saba! Saba! Saba!"

"Hapa umeandika 'aweze kutaja'," alisema Magese, akipiga mstari. "Safi sana. Hukuandika 'afahamu'. Kuna walimu bado wanaandika 'afahamu'. Utamwonaje mtu anafahamu? Ana alama wapi?"

"Hana, mheshimiwa," alisema Bundala.

"Nane!" "Nane! Nane! Nane!"

Nyamizi aliinua kichwa. "Mheshimiwa, naomba nitoke kidogo."

"Haja kubwa au ndogo?"

"Ni watoto, mheshimiwa. Wamefika nane."

"Nasikia. Sauti moja, hakuna anayepishana na mwenzake. Nimezunguka shule mia mbili, sijapata kusikia utamu kama huu."

"Asubuhi ilikuwa saba."

Kalamu ilisimama. "Mwalimu," alisema Magese polepole, "unalinganisha?"

Bundala alitazama viatu vyake. Kulinganisha ni daraja la nne.

"Silinganishi, mheshimiwa. Natoa taarifa ya asubuhi."

"Kumi!" "Kumi! Kumi! Kumi!"

"Maana ingekuwa aibu," alisema Magese, "mwalimu wa mfano, siku ya cheti chake, nimwandikie kibali cha kwenda chuoni. Una mtoto wewe?"

"Ninaye."

"Analelewa na nani ukiwa hupo?"

Nyamizi alikuwa ameshasimama nusu. Akilini alimwona Mwalimu Kulwa akihesabu vifungo. Alimwona Semeni katika nyumba ya watu, akitaja rangi ya chakula kinachoungua. Akakaa. Alikaa kwa muda wa namba mbili, kumi na tatu na kumi na sita, na namba hizo mbili ataishi nazo mpaka anaingia kaburini. Mimi simhurumii wala simlaani. Nasema tu kwamba alikaa.

Kisha aliruka benchi, akaangusha kalamu zote tatu, akatoka mbio kwenye mvua akipiga kelele: "Tokeni! Tokeni nje! Wanangu, tokeni!"

Watoto walimsikia. Wale wa karibu na mlango waligeuka na wengine wakanyanyuka kwenye madawati. Lakini Semeni alikuwa kwenye kigoda, na rula ilikuwa ukutani, na namba ilikuwa imeshaonekana. Alisema kwa sauti safi, "Ishirini!" Na wenzake, watoto wenye adabu wasioacha jibu katikati, wakaanza kuirudia. Mara ya kwanza waliimaliza. Ya pili hawakuimaliza.

Ukuta ulilala ndani ya darasa na paa likaufuata. Nyamizi alichimba kwa mikono, matofali mabichi yakimkatikia kwenye vidole, akiwaita kwa majina jinsi yalivyo kwenye daftari la mahudhurio. Waliokuwa nyuma walitoka wenyewe, weupe kwa vumbi. Waliokuwa mbele walitolewa na wazazi waliokuja na majembe. Watoto tisa walikuwa wameshakufa. Semeni alipatikana mwisho, kwenye pembe, ambako ubao mkubwa wa kuandikia ulimwegemea kama mlango. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili. Wa kulia ulikuwa bado umeshika rula.

Nyamizi alimkumbatia na kulia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyerudishiwa roho yake. Alimshukuru Mungu mbele ya mama wengine ambao hawakuwa na la kushukuru, na baadaye alijichukia kwa hilo. Semeni alimnong'oneza sikioni: "Mama, samahani. Ile ya mwisho sikuisoma vizuri."

Taarifa ya ukaguzi ilitoka baada ya siku mbili, imepigwa chapa vizuri. Ilisema: "Kati ya wanafunzi arobaini, thelathini na mmoja wamefikia lengo, sawa na asilimia sabini na saba nukta tano, kiwango ambacho ni kizuri. Wanafunzi tisa hawakufikia lengo kwa sababu zilizo nje ya andalio. Inapendekezwa wapewe masomo ya ziada wakati wa likizo." Majina yao tisa yaliambatishwa, na chini yake nafasi ya mzazi kutia saini kwamba atahakikisha mtoto anahudhuria.

Siku ya maziko alikuja Profesa Ndulilo mwenyewe, na mtu wa kumshikia mwavuli. Makaburi tisa yalikuwa yamepangwa kwa mstari, na watoto thelathini na mmoja walisimamishwa mbele ya umati, wamevaa sare, wengine na bandeji vichwani. Semeni alikuwa katikati yao, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa.

"Ndugu wananchi," alisema Profesa, "nimekuja na majonzi, lakini ni majonzi yenye mpangilio. Watoto hawa walikuwa wakirudia, na walirudia mpaka sekunde ya mwisho. Ni nani kati yetu anayeweza kujisifia hivyo? Mkuu wa Nchi ameguswa sana. Na akiguswa, hubuni. Ameagiza kila shule nchini ijengewe ufa wa kisasa, wa zege, usiopitisha maji!"

Wapambe wake wakashangilia. Wazazi walitazama ardhi nyekundu.

"Kwa nini?"

Haikusemwa kwa ukali. Ilitoka katikati ya umati kwa sauti ya mtu anayeomba maji, na kila aliyesimama karibu alijua imetoka kwa nani. Nyamizi mwenyewe hakujua kama ameisema au ameifikiri tu. Mama wa mmoja wa wale tisa, ambaye angekuwa na kila sababu ya kumchukia, alimshika mkono akaubana ndani ya kanga yake.

"Nani kauliza?" alisema Profesa.

Mvua ilinyesha. Askari walianza kupita kati ya watu, wakitazama midomo. Mzee mmoja alikohoa kwa muda mrefu kuliko kifua kilivyohitaji. Bundala alisema kwamba hakuelewa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulikana daraja lake. Watu mia tatu walisimama pale na hakuna hata mmoja aliyetoa jina. Nataka ijulikane kwamba hakuna hata mmoja.

Lakini Bwana Magese alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Aliacha umati, akaenda mbele ya watoto, akainama kidogo, akatabasamu, na akaliandika swali upya kichwani mwake kabla ya kulisema.

"Taja," alisema, "jina la aliyeuliza."

Mkono mzima wa Semeni ulikuwa juu kabla Magese hajafumba mdomo.

Nyamizi alimtazama binti yake juu ya vichwa vya watu, akatikisa kichwa. Alitikisa tena, polepole, apate kuelewa. Semeni alimwona vizuri sana. Akasimama wima kama alivyofundishwa, akamtaja mama yake kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, shule, darasa na wilaya, bila kukosea hata moja, na watoto thelathini waliobaki wakampigia makofi.